Picha ya Zamani, Sauti ya Nani?

Vidokezo kwa wanaonunua filamu za zamani kwenye DVD na Blu-ray

Filamu ya zamani ikitolewa upya kwenye diski, kinachotangazwa kwanza ni picha: imesafishwa, mikwaruzo imeondolewa, rangi zimerudi. Sauti hutajwa mwishoni kwa herufi ndogo, tena kama zawadi: sasa ina 5.1! Wachache huuliza hiyo 5.1 imetoka wapi, wakati filamu yenyewe ilipoingia kwenye majumba ya sinema sauti yote ilitoka sehemu moja, nyuma ya pazia.

Jibu ni kwamba kuna mtu amekaa studio, akaifumua sauti ya kwanza na kuisuka upya. Wengine hufanya kazi hiyo kwa heshima kubwa. Wengine huongeza milio ambayo haikuwemo, wakatupa iliyokuwemo, na wewe mnunuzi huachiwi nafasi ya kuchagua. Niseme wazi kwamba mimi niko upande wa sauti ya kwanza. Rimiksi, yaani ile iliyosukwa upya, iwepo pembeni yake kwa anayeitaka. Vidokezo hivi vitakusaidia kujua umeuziwa nini, na kupata kilicho bora kwa vyombo ulivyo navyo nyumbani.

1. Anza na mwaka wa filamu

Ukiujua mwaka, nusu ya kazi imekwisha. Filamu nyingi zilizotoka kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zilikuwa za mono, yaani mazungumzo, muziki na vishindo vyote vimeunganishwa kwenye mkondo mmoja. Psycho ya mwaka 1960 ni mono. Jaws ya 1975, yenye papa aliyewafanya watu waogope bahari, ni mono pia.

Kulikuwa na filamu kubwa zilizotangulia. Fantasia ya Walt Disney ilionyeshwa mwaka 1940 kwa mfumo wa pekee ulioitwa Fantasound, wenye spika sehemu mbalimbali za ukumbi. The Robe ya 1953, filamu ya kwanza ya CinemaScope, ilikuwa na chaneli nne. Filamu za milimita 70 zilibeba chaneli sita. Hizo zilikuwa chache, za bajeti nono, na zilionyeshwa hivyo kwenye kumbi chache za mijini. Dolby Stereo ilipokuja katikati ya miaka ya 1970 ndipo filamu za kawaida zilipoanza kuwa na kushoto, kati, kulia na nyuma. Sauti ya dijitali ya 5.1 ya Dolby iliingia sinema mwaka 1992 na Batman Returns, na mwaka uliofuata Jurassic Park ikaja na mfumo wa DTS.

Kwa hiyo ukiona filamu ya mwaka 1966 ina 5.1, ujue hiyo imetengenezwa baadaye. Haina maana ni mbaya. Ina maana una haki ya kuuliza nani kaitengeneza, na ya kwanza iko wapi.

2. Geuza kava usome nyuma

Tafuta sehemu iliyoandikwa sauti au lugha. Namba 1.0 ni mono ya chaneli moja. Namba 5.1 ni spika tano na besi, na 7.1 huongeza mbili za nyuma. Atmos ni mfumo mpya unaoweza kupeleka sauti mpaka juu ya kichwa chako.

Namba ya kuchunga ni 2.0. Inaweza kuwa mono iliyorudiwa kushoto na kulia, inaweza kuwa stereo ya kweli, na inaweza kuwa Dolby Stereo yenye chaneli nne zilizofichwa ndani ya mbili. Kava likisema tu 2.0 bila neno mono wala stereo, linakuachia kazi ya kukisia. Lingine la kuangalia: mono iliyoandikwa kwenye kava inaweza kuwa ni ile rimiksi ya 5.1 iliyobanwa tena kuwa chaneli moja, pamoja na milio yake mipya. Jina litakuwa mono, lakini sauti si ile ya mwaka filamu ilipotoka. Hilo kava halikuambii. Itabidi usikilize, na mahali pa kusikiliza ni hapa chini.

3. Sikiliza risasi

Ukitaka kujua kama sauti imebadilishwa, nenda moja kwa moja kwenye tukio la bunduki, mlango au gari. Mazungumzo ni vigumu kuyabadilisha bila mtu kugundua, na muziki una wenyewe. Vishindo ndivyo huguswa kwanza.

Sababu ni ya kiufundi. Filamu inapochanganywa, mafundi huwa na makundi matatu: mazungumzo, muziki na milio. Yakichanganywa yanakuwa sauti moja kamili. Makundi yale yakitunzwa, miaka 40 baadaye fundi anaweza kuyachukua tena na kupeleka muziki huku, mvua kule. Yakipotea, na mara nyingi yalipotea, fundi anabaki na ile mono iliyokwisha kuchanganywa. Haiwezi kugawanyika kwa urahisi, basi anarekodi milio mipya na kuipandikiza juu ya ile ya zamani, ili spika za pembeni zipate cha kusema.

Chukua The Good, the Bad and the Ugly ya Mwitaliano Sergio Leone, ya mwaka 1966. Waitaliano wa wakati ule hawakutegemea sauti ya siku ya kupiga picha. Waigizaji walizungumza kila mtu kwa lugha yake mbele ya kamera, na baadaye studio ikajenga sauti yote upya: maneno, nyayo, upepo, mikwaju. Maana yake kila mlio katika filamu ya Leone ulichaguliwa. Ule mlio wa risasi inayopiga jiwe na kuteleza, ukipaa na kufifia, ni sehemu ya filamu kama lilivyo jicho la mwigizaji wake Lee Van Cleef. Filamu ilipokarabatiwa mwaka 2003 ilirudishiwa vipande vilivyokuwa vimekatwa kwenye toleo la Kiingereza. Clint Eastwood na Eli Wallach waliitwa kuingiza sauti zao wakiwa wazee, na kwa kuwa Van Cleef alifariki mwaka 1989, mwigizaji Simon Prescott alisema maneno yake. Hilo naliona ni la haki, kwa kuwa vipande hivyo havikuwa na Kiingereza kabisa. Lakini rimiksi ya 5.1 iliyotoka kwenye DVD ilikwenda mbali zaidi: bunduki zikapewa milio mipya, mizito, ya filamu za siku hizi. Anayeijua filamu ile anasikia mara moja kwamba bastola ile si yenyewe.

The Terminator ya James Cameron, ya mwaka 1984, ilipatwa na hilo hilo. Ni filamu ya bajeti ndogo, iliyotoka kwa mono, na ukavu wa mono ile unaifaa: mitaa ya usiku, bunduki zinazolia kwa mkato, muziki wa vyuma. Rimiksi ikaja na milio mikubwa ya kutikisa kochi. Inasisimua, sikatai, lakini inaifanya filamu ya mwaka 1984 ijifanye ya miaka ya 1990.

Na Jaws? Hii ilishinda Oscar ya sauti bora, kwa mono yake. DVD ya mwaka 2000 ilikuja na rimiksi, mono ikaachwa nje. Yaani kazi iliyopewa tuzo kubwa kuliko zote Hollywood haikuwemo kwenye toleo la kusherehekea miaka 25 ya filamu yenyewe. Mashabiki walilalamika, na DVD ya mwaka 2005 ikairudisha. Blu-ray ya 2012 nayo inayo. Malalamiko husikika, msomaji. Usione aibu kulalamika.

4. Muziki ukibadilishwa, uliza sababu

Kuna sababu mbili kubwa: ufundi na pesa.

Ya pesa ni hii. Mtengenezaji filamu alilipia wimbo kwa ajili ya sinema tu, au hakulipia kabisa, kisha kanda za video na diski zikaja na wenye wimbo wakataka malipo mapya. Killer of Sheep ya Charles Burnett, filamu ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA iliyopigwa mtaa wa Watts, Los Angeles, katika miaka ya 1970, imejaa nyimbo nzuri kupita kiasi, na kwa sababu ya nyimbo hizo hizo ilikaa kabatini miongo mitatu. Ilipotolewa rasmi mwaka 2007, haki za muziki ziligharimu dola 150,000, fedha nyingi kuliko gharama ya kuitengeneza filamu. Hata hivyo wimbo mmoja wa Dinah Washington uliokuwa mwishoni haukupatikana, ukawekwa mwingine wa mwimbaji huyo huyo uliokwisha kusikika ndani ya filamu. Mtu aliyeiona kabla na aliyeiona baada ya hapo walitoka na mwisho tofauti, ingawa picha ni zile zile.

Sababu ya ufundi inatugusa sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi. Mughal-e-Azam ya K. Asif ilitoka mwaka 1960, sehemu kubwa ikiwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 2004 ilirudi sinema ikiwa imetiwa rangi yote, na sauti imefanywa ya Dolby. Ili kufika huko, sauti za waimbaji zilibakizwa, Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Bade Ghulam Ali Khan, na ala zikapigwa upya nyuma yao. Naushad, mtunzi wa muziki ule, alikuwa hai bado na alihusika. Ni kazi ya uangalifu, nami naiheshimu. Lakini sikiliza nyimbo zile kwa makini. Koo ni za 1960, fidla ni za 2004, na pengo la miaka 44 kati yao halifichiki. Kwenye ile ya kwanza mwimbaji na wapigaji walikuwa chumba kimoja, wanavuta pumzi pamoja.

Sholay nayo ilipofanywa ya 3D mwaka 2014, muziki wake wa nyuma ya matukio ulirekodiwa upya. Kumbuka kwamba Sholay ya 1975 haikuwa na unyonge wowote wa sauti: nakala zake za milimita 70 zilionyeshwa kwa stereo ya chaneli sita. Hapo hapakuwa na umaskini wa kuondoa.

Kwa hiyo ukienda dukani Kariakoo au Biashara Street kutafuta picha la Kihindi la zamani, usiseme jina tu. Sema mwaka wa toleo unalolitaka.

5. Kubali kwamba sauti ya kwanza inaweza kuwa zaidi ya moja

Star Wars ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa na michanganyo mitatu: ya milimita 70 yenye chaneli sita, ya Dolby Stereo, na ya mono kwa kumbi za kawaida. Haifanani. Katika mono, shangazi yake Luke ana sauti ya mtu mwingine, na roboti C-3PO anatoa maelezo ambayo kwenye michanganyo ile mingine miwili hayapo. Mashabiki wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu sentensi moja, na wote wakawa wakweli.

The Big Boss ya Bruce Lee, ya mwaka 1971, imezidi. Toleo la Kimandarini lina muziki wa Wang Fu-ling. Toleo la Kiingereza lina muziki wa Mjerumani Peter Thomas. Toleo la Kikantoni la miaka ya 1980 lina muziki wa Joseph Koo. Watengenezaji wa Hong Kong wakati ule walipiga picha bila kurekodi sauti, maneno yakaingizwa baadaye, kwa hiyo hata Bruce Lee unayemsikia akizungumza si yeye. Hapa ushauri wangu ni tofauti kidogo. Ukiwa na hamu ya toleo uliloliona zamani pale sinema au kwenye kibanda cha video, tafuta la Kiingereza lenye muziki wa Thomas, kwa kuwa ndilo lililozunguka nje ya Asia. Ukitaka kujua watu wa Hong Kong walisikia nini mwaka 1971, chukua la Kimandarini. Toleo zuri la diski linakupa yote, na hilo ndilo la kununua.

Nasi tuna sauti yetu ya ziada. Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya na VJ Jingo Uganda wamezifanya filamu za kigeni ziseme na watu wetu, kwa maelezo na vichekesho juu ya sauti iliyopo. Ile ni sanaa kamili, yenye wapenzi wake, na inastahili kuhifadhiwa kwa jina lake. Hifadhi nakala yake. Hifadhi na ya filamu yenyewe.

6. Pima sauti na sabufa uliyo nayo

Hiki ndicho kidokezo chenye faida ya haraka kuliko vyote.

Nyumba nyingi zetu zina TV yenye spika mbili ndogo, au sabufa yenye spika mbili na boksi moja la besi. Hakuna spika ya kati. Ukicheza sauti ya 5.1 kwenye chombo cha namna hiyo, deki inalazimika kuzikunja chaneli zote ziingie kwenye mbili. Mazungumzo, ambayo karibu yote hukaa kwenye chaneli ya kati, hushushwa kidogo yanapogawiwa kushoto na kulia. Vishindo na muziki kutoka pembeni na nyuma vinaongezwa juu yake. Chaneli ya besi, ile .1, mara nyingi huachwa kabisa, na boksi lako linanguruma kwa besi liliyoichuja lenyewe kutoka kwenye zile mbili. Matokeo unayajua: watu wanazungumza husikii, unaongeza sauti, mlipuko unatokea, mtoto anaamka, unakimbilia rimoti.

Basi kama diski ina mono au stereo ya kwanza, ichague. Bonyeza kitufe cha Audio kwenye rimoti, au ingia kwenye menyu ya diski. Mono ilichanganywa na mafundi waliojua kwamba kila kitu kitapita mlango mmoja, kwa hiyo wakahakikisha neno halifunikwi na ngoma. Kwenye spika mbili za sebuleni mono ya mwaka 1960 itasikika safi kuliko rimiksi yake ya bei kubwa.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya TV uzime zile sauti za surround ya kuigiza, pamoja na chochote kinachoitwa cinema au stadium. Zinatia mwangwi kwenye mono, na waigizaji wanasikika kama wako bafuni.

7. Kama ulizoea DVD, kasi yenyewe ilikuwa tofauti

Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya, Uganda, Uingereza na Ujerumani, unakwenda kwa picha 25. Njia rahisi ya kuzipatanisha ilikuwa kuiharakisha filamu kwa asilimia 4. Filamu ya dakika 120 ikawa ya dakika 115, na sauti isiporekebishwa hupanda juu, pungufu kidogo ya nusutoni. Sauti nene ya steringi inakuwa nyembamba kidogo, na wimbo unaondoka kwenye ufunguo wake.

Blu-ray hucheza kwa picha 24, kama sinema. Kwa hiyo ukinunua Blu-ray ya filamu uliyoizoea kwenye kanda au DVD ukahisi waigizaji wamekuwa wazito na muziki umepooza, usikimbilie kusema sauti imechezewa. Huenda hiyo ndiyo kasi yake ya haki, na wewe ndio unaisikia kwa mara ya kwanza.

8. Usichukie mchakacho

Sauti ya zamani ilichapwa kwenye ukingo wa filamu na kusomwa kwa mwanga, na ina mchakacho wake. Majumba ya sinema tangu mwaka 1938 yalikuwa na utaratibu wa kupunguza sauti nyembamba kwa makusudi, na mafundi wakayaongezea maneno ukali ili kufidia. Ikichezwa nyumbani bila upunguzaji huo, filamu ya enzi ile huweza kuwa na s kali na mvumo wa chini kwa chini.

Kuna mafundi wa kisasa wanaoua mvumo huo wote kwa kompyuta. Wakizidisha, wanaondoka na hewa ya chumba, mkia wa sauti ya fidla, na pumzi kabla ya neno. Jinsi ya kuwakamata: sikiliza ukimya. Tafuta mahali ambapo watu wawili wamenyamaza ndani ya chumba. Sauti ikikatika kabisa, kana kwamba mtu kazima swichi, kisha ikarudi neno linapotamkwa, kisafishio kimepita mno. Mchakacho mdogo usiobadilika ni dalili njema.

9. Rimiksi uihukumu kwa mikono iliyoifanya

Sipendi watu wanaokataa rimiksi zote kwa jina tu. Walter Murch alichanganya sauti ya The Conversation mwaka 1974 kwa mono, na miaka mingi baadaye akaifanya 5.1 yeye mwenyewe. Nani mwingine anaijua filamu ile, filamu ya mtu anayeishi kwa kunasa mazungumzo ya wengine, kuliko yeye? Apocalypse Now ya 1979 haihitaji hata utetezi. Nakala zake za milimita 70 tayari zilikuwa na spika tatu mbele, nyuma kushoto na nyuma kulia zikijitegemea, na besi yake. Murch na wenzake walikuwa wamefika kwenye 5.1 kabla haijapewa jina. Das Boot ya Wolfgang Petersen, ya mwaka 1981, ilirudi mwaka 1997 na sauti mpya chini ya Petersen mwenyewe, na maji yanayoibana nyambizi ile pande zote yanaitendea haki hadithi.

Vertigo ya Alfred Hitchcock ndiyo inayonitesa. Muziki wa Bernard Herrmann ulirekodiwa London kwa stereo mpaka mgomo wa wanamuziki ukaingilia, kazi ikamaliziwa Vienna kwa mono. Robert Harris na James Katz walipoikarabati mwaka 1996, rekodi zile za muziki ziliwaruhusu kuutandaza muziki ule vizuri ajabu. Lakini milio ya asili haikupatikana ikiwa imetengwa, wakarekodi nyayo, milango na magari upya, wakiongozwa na maelezo aliyoyaacha Hitchcock. Muziki umepata uhai. Nyayo za James Stewart, hata hivyo, zimekuwa za karibu mno, ngumu mno, safi mno kwa filamu inayoelea ndotoni. Hukumu yangu: isikilize rimiksi mara moja kwa ajili ya Herrmann, kisha rudi kwenye mono, iliyowekwa kwenye Blu-ray ya mwaka 2012.

Ukitaka kuona namna jambo hili linavyopaswa kufanywa, tazama A Hard Day's Night ya The Beatles, toleo la kampuni ya Criterion la mwaka 2014: mono ya 1964, stereo, na 5.1 iliyotengenezwa na Giles Martin na Sam Okell. Zote tatu ziko kwenye diski. Mtazamaji anachagua.

10. Fantasia, kwa sababu inastahili namba yake peke yake

Sehemu kubwa ya muziki wake ilipigwa na Philadelphia Orchestra chini ya Leopold Stokowski. Mwaka 1982 Disney waliondoa rekodi hiyo yote, wakampa Irwin Kostal okestra nyingine arekodi upya kwa dijitali. Stokowski akarudishwa mwaka 1990, filamu ilipotimiza miaka 50. Na DVD ya mwaka 2000 iliporefushwa kurudia urefu wa onyesho la kwanza, sauti ya msimulizi Deems Taylor ilikuwa imeharibika kwenye vipande vilivyorudishwa, basi Corey Burton akasema maneno yote ya Taylor tangu mwanzo mpaka mwisho ili yafanane. Unaona uso wa Taylor, unasikia mtu mwingine.

Uamuzi wa mwaka 1982 haukuwa wa lazima. Wa mwaka 2000 ulitokana na uchakavu. Ni vizuri kuzitofautisha hali hizi mbili kabla ya kulaumu.

11. Usitupe diski za zamani

Toleo jipya lenye picha bora linaweza kukosa sauti ambayo DVD ya kwanza inayo. Kabla ya kuigawa ile ya zamani, linganisha orodha za sauti nyuma ya makava yote mawili. Kanda za VHS nazo zisidharauliwe, maana nyingi zilitoka kabla ya homa ya rimiksi kuanza.

12. Mtandaoni, angalia kabla ya kuanza

Huduma nyingi za filamu mtandaoni hukupa sauti moja tu kwa kila lugha, na mara nyingi ni ile mpya zaidi. Fungua menyu ya sauti, ukiona 5.1 peke yake kwenye filamu ya mwaka 1955, ujue unachosikiliza. Diski bado ndiyo mahali pa uhakika pa kupata chaguo.

13. Ombi kwa watengenezaji wetu

Ninyi mnaotengeneza filamu Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala: tunzeni makundi yenu matatu. Mkishamaliza kuchanganya, msifute faili za mazungumzo, muziki na milio ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Ziwekeni kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, mkiandika jina la filamu, mwaka na majina ya mafundi wa sauti. Pelekeni nakala ya mchanganyo wa mwisho mahali penye maktaba inayodumu. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 ziliuzwa kwenye VCD na DVD, na diski hizo zinachakaa sasa hivi. Siku moja mtu atataka kuzitoa upya, na atatafuta sauti yake ya kwanza. Mhakikishe anaikuta.